HOTUBA JUU YA KUCHAGUA LINUX KWA MTU ANAYEANZA



Kamati iliponiomba nizungumze nanyi kwa nusu saa, niliambiwa nichague jambo la manufaa. Wenzangu walionitangulia wamesema juu ya mikopo na juu ya ugonjwa wa kisukari, na kwa umri wetu huu nadhani hayo ni mambo ya manufaa kweli kweli. Mimi ni fundi wa kompyuta pale mjini Mwanza, wala sina jingine ninaloliweza. Kwa hiyo nitasema juu ya kompyuta, na naomba wale wasiozipenda wasisinzie mapema, maana jambo lenyewe linahusu fedha zetu.

Katika ajenda ya kesho kuna pendekezo kwamba zile kompyuta 14 zilizomo katika chumba cha maabara ziuzwe kwa wanunuzi wa chuma chakavu, na fedha zitakazopatikana zitiwe katika ukarabati wa bweni. Sababu iliyoandikwa ni kwamba zimepitwa na wakati. Nimekwenda kuziona jana jioni, mara tu niliposhuka kwenye pantoni. Nimewasha moja baada ya nyingine. Zinawaka zote 14. Kumi na moja zina kumbukumbu ya kazi, ile ambayo sisi mafundi huiita RAM, ya GB 4. Tatu zina GB 2. Mbili hazina kibodi. Panya wamekula waya mmoja. Hayo ndiyo maradhi yote niliyoyaona.

Sasa wamepitwaje na wakati hawa wazee? Ndugu zangu, kilichokwisha si kompyuta. Kilichokwisha ni ahadi ya kampuni. Windows 10, ambayo ndiyo iliyomo katika mashine hizo, ilifikia mwisho wa kuhudumiwa bure na Microsoft tarehe 14 Oktoba 2025. Toka siku hiyo matundu mapya yanayogunduliwa na wezi hayazibwi tena kwa mtu ambaye hakujiandikisha kwa huduma ya ziada. Inayofuata ni Windows 11, nayo ina masharti: inadai mashine iwe na kifaa cha usalama kiitwacho TPM cha toleo la 2.0 na prosesa isiyo ya zamani sana. Mashine zetu ni za miaka ya 2012 hadi 2015. Hazikubaliki.

Iko njia ya pili, na sitaificha kwa kuwa nimeila mimi mwenyewe kwa miaka. Ni ile ya kumpelekea fundi mashine "akupigie window" kwa shilingi elfu chache. Fundi anatoa flashi mfukoni, anakuwekea nakala isiyolipiwa, anaivunja kufuli yake kwa programu ambayo hata yeye hajui imeandikwa na nani, na unaondoka umefurahi. Mnajua pia kinachofuata. Baada ya mwezi unaingiza flashi yako katika kompyuta ya stesheneri na mafaili yote yanageuka kuwa vijialama. Siwezi kuja shuleni kwangu, mbele ya watoto, nikaiita njia hiyo kuwa ndiyo njia.

Njia ya tatu ndiyo niliyokuja kuisema, nayo ni Linux. Lakini mtu akiambiwa aende akachukue Linux, anafika anakuta si moja, ni mamia, kila moja na jina lake na washabiki wake wanaogombana kama Simba na Yanga. Anayeanza huchanganyikiwa hapo hapo, akarudi nyumbani. Kwa hiyo nitajaribu kueleza ni kitu gani hasa kinachochaguliwa, kisha nitaeleza jinsi mimi nilivyochagua vibaya.

Mwaka 1991 kijana mmoja wa Finland, Linus Torvalds, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki aliyekuwa na miaka 21, alitangaza kwamba anatengeneza programu endeshi kwa kujifurahisha tu. Kabla yake, tangu 1983, Mmarekani Richard Stallman alikuwa ameanzisha kazi ya kuandika programu ambazo kila mtu anaruhusiwa kuzitumia, kuzichungulia ndani, kuzirekebisha na kumgawia jirani. Kazi hizo mbili zilikutana. Alichokitengeneza Torvalds, tukisema kwa haki, si mfumo mzima. Ni injini.

Nendeni mwaloni alfajiri mkaangalie. Injini ni ile ile ya Yamaha, lakini mmoja ameifunga kwenye mtumbwi wa dagaa wenye taa, mwingine kwenye mtumbwi wa nyavu za sangara, wa tatu kwenye boti ya kuchukua abiria na magunia ya mkaa. Hakuna anayesema "nimenunua Yamaha" akadhani amekwisha kupata chombo. Atahitaji mbao, makasia, kamba, na mtu wa kuziba panapovuja. Basi Linux ni injini, na chombo kizima kilichofungiwa injini hiyo, pamoja na programu zake, madirisha yake na watu wanaokihudumia, ndicho vijana wa kompyuta wanachokiita distro. Nitalitumia neno hilo hilo kwa kuwa sina jingine fupi.

Na msiseme hamjawahi kupanda chombo cha namna hiyo. Kila simu ya Android iliyomo mifukoni humu inaendeshwa na injini hiyo hiyo. Kompyuta 500 zenye nguvu kuliko zote duniani, zile zinazopangwa katika orodha kila mwaka, tangu Novemba 2017 zote zinatumia Linux. Jana nilihesabu kwa macho tu, nikaona kwenye pantoni tulikuwa na Linux nyingi kuliko mbuzi.

Distro nazo zina ukoo. Mwaka 1993 Ian Murdock alianzisha Debian, akalitunga jina hilo kwa kuunganisha jina la mchumba wake Debra na lake mwenyewe. Debian ni babu. Mwaka 2004 Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, yule aliyekwenda angani mwaka 2002, alitoa Ubuntu, akiijenga juu ya Debian. Ubuntu ni neno la ndugu zetu wa kusini lenye maana ya utu, na Mbantu yeyote hahitaji kamusi ili alisikie. Kwa miaka kadhaa, mpaka 2011, ulikuwa ukiandika anwani yako ya posta nao wanakutumia sidii bure kabisa, stempu juu yao. Sidii yangu ya kwanza ilikuja kwa njia hiyo, katika sanduku la posta la mjomba wangu, naye alinihoji sana kuhusu mzungu gani anayenitumia zawadi na anataka nini. Mwaka 2006 ikazaliwa Linux Mint juu ya Ubuntu. Hao ni babu, mwana na mjukuu. Zipo koo nyingine, Fedora, Slackware, Arch na wenzao, za watu wenye heshima zao, lakini leo sitakwenda huko.

Wala msidhani kwamba mambo haya ni ya ughaibuni tu. Katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kulikuwa na mradi ulioitwa Kilinux, ambao ulikaa ukatafsiri programu hizi kwa Kiswahili na kutengeneza orodha ya istilahi. Mwishoni mwa 2004 ulitoa Jambo OpenOffice, yaani programu ya ofisi, ya kuandikia barua na kufanyia hesabu, yenye maneno ya Kiswahili tangu juu hadi chini. Mrithi wake, LibreOffice, bado anayo tafsiri ya Kiswahili, ingawa haijakamilika. Nawataja kwa kuwa nafikiri nchi yetu iliwasahau upesi mno.

Sasa nije kwenye kosa langu.

Mwaka 2013, wenzangu wa darasa wanakumbuka, tulichangishana tukaileteа shule hii kompyuta 8. Mimi nilipewa kazi ya kuziweka programu. Nilikuwa kijana mwenye majivuno. Nyumbani nilikuwa natumia distro moja ambayo sitaitaja, kwani kosa halikuwa lake. Ni chombo kizuri kwa mwenye kukijua. Karibu kila kitu kinafanywa kwa kuandika amri, na inapokea mabadiliko mapya kila wiki. Niliipenda kama mtu anavyopenda baiskeli aliyoiunda mwenyewe. Nikaiweka katika mashine zote 8, nikawafundisha walimu kwa siku mbili, nikapanda pantoni nikarudi mjini nikijiona shujaa.

Muhula wa pili nilikuja siku ya Jumapili na modemu kuzisasisha. Bando likaisha katikati ya kazi. Mashine moja haikuwaka tena. Nikahangaika nayo mpaka saa kumi, na kwa kuwa nilikuwa nahofia kuachwa na pantoni, nikaamua kuifuta diski na kuanza upya. Sikuuliza kulikuwa na nini ndani. Ndani kulikuwa na alama za mtihani wa majaribio wa Kidato cha Nne, masomo yote, alizokuwa ameziingiza mwalimu wetu wa hesabu kwa wiki mbili. Alikuwa na nakala katika flashi, au alidhani anayo. Alinifuata mjini Jumanne, flashi ameifunga katika leso. Niliifungua mbele yake. Ilikuwa tupu, distro yangu ilikuwa inataka flashi iungwe na ifunguliwe kwa amri, naye nilikuwa nimemwonyesha mara moja tu, tena kwa haraka.

Alikaa usiku nne akijumlisha upya kwa kalamu. Hakunigombeza. Siku ile mjini nilimsindikiza hadi kivukoni, akaninunulia soda, na kabla ya kupanda akaniuliza, "Kijana, hivi zile mashine uliwawekea akina nani?"

Nilikosa jibu. Baada ya miezi michache chumba kilifungwa, na mwaka 2015 nilipokipita dirishani niliona magunia ya mahindi. Mwalimu huyo amestaafu, yuko hapa mstari wa mbele, na nimemwomba ruhusa asubuhi hii ya kulisema jambo hili. Amenipa, akaongeza kwamba ilikuwa usiku tano, si nne.

Ndugu Mwenyekiti, swali lake ndilo kipimo changu tangu siku ile. Mtu akinijia dukani akasema anataka Linux, simwulizi anapenda ipi. Namwuliza mashine ni ya nani, inafanya kazi gani, na ikigoma usiku atamwita nani. Hili la mwisho nalipa uzito kuliko yote. Distro nzuri kwa anayeanza ni ile ambayo jirani yake anaijua. Kama mwalimu wa shule ya jirani anatumia Ubuntu, chukua Ubuntu hata kama mimi naipenda nyingine. Mtumbwi ukitoboka katikati ya maji, uzuri wa rangi yake haukusaidii. Wa kukusaidia ni aliye karibu.

La pili ni umri wa mashine. Hapa watu hudanganywa sana kwamba Linux inakwenda kwenye kompyuta yoyote. Si kweli. Ubuntu ya kawaida siku hizi inataka RAM ya GB 4 kwenda juu ili isikokote miguu. Linux Mint inakubali GB 2, lakini wenyewe wanashauri 4. Mint huja kwa sura tatu, Cinnamon, MATE na Xfce, na anayeanza huona ni fumbo. Kwa kweli tofauti kubwa ni nguo tu. Cinnamon ni suti, inapendeza na inataka nguvu. Xfce ni shati la kazi. Kwa mashine kongwe mvalishe shati la kazi. Zile za biti 32, za kabla ya mwaka 2008 hivi, zimeachwa na distro nyingi kubwa: Mint iliacha kuzitolea toleo lake la kawaida mwaka 2020, na Debian 13 ya mwaka 2025 nayo haina tena cha kuzisimikia. Zipo ndogo kama antiX zinazozihurumia, lakini mashine ya namna hiyo nitakushauri umpe mtoto afungue ajifunze vilivyomo ndani.

La tatu ni bando. Huku kwetu intaneti ni ya kupima kwa kijiko. Basi usichague distro inayotaka kulishwa kila wiki. Chagua matoleo yenye kuhudumiwa kwa muda mrefu. Ubuntu hutoa moja la namna hiyo kila baada ya miaka miwili, mwezi Aprili, na huhudumiwa kwa miaka 5. Jina lake ni tarehe yake: 24.04 maana yake ni Aprili 2024, na itahudumiwa hadi 2029. Mint 22 imejengwa juu ya hiyo, nayo inafika 2029. Faili la kusimikia ni karibu GB 3. Unalipakua mara moja mjini, unalitia katika flashi ya GB 8, na flashi hiyo moja inasimika mashine 14, au 40, bila kumwibia mtu wala kuvunja kufuli.

Na hapa kuna jambo ambalo laiti ningelizingatia mwaka 2013. Distro hizi zinaweza kuwaka kutoka kwenye flashi bila kugusa diski. Unaiwasha mashine, unaona madirisha yote, unajaribu sauti, unajaribu waifai, unachapisha ukurasa mmoja kwenye printa. Hasa waifai na printa, maana ndipo penye fitina. Ikikataa, unachomoa flashi, kompyuta inarudi kama ilivyokuwa. Mnunuzi wa ng'ombe hufungua mdomo akahesabu meno. Kwa nini wewe usijaribu bure kabla ya kufuta? Ukisharidhika, nakili kwanza mafaili yote mahali pawili, uyafungue uone yanafunguka, ndipo ubonyeze kitufe cha kufuta diski. Mint inayo pia programu iitwayo Timeshift, ambayo hupiga picha ya mfumo, na ukiharibu leo unaurudisha ulivyokuwa jana. Lakini picha hiyo, mkiiacha kama ilivyopangwa, ni ya mfumo, si ya nyaraka zenu. Alama za mtihani bado zinataka nakala yake zenyewe.

Najua pingamizi zilizoko humu ukumbini. Nyingine nimekwisha kuzisikia tangu chakula cha mchana. Mzee mmoja amesema waajiri wanataka Windows. Ni kweli, ofisi nyingi ninazohudumia zinatumia Windows na Microsoft Office, na vijana hawana budi kuzijua. Kwa hiyo sisemi tufute zote 14. Mbili zenye nguvu kidogo zibaki na Windows yake halali, bila kuunganishwa na intaneti, kwa ajili ya mafunzo. Lakini mtoto aliyezoea kuandika barua na kutengeneza jedwali katika LibreOffice hahitaji wiki nzima kuizoea ile nyingine. Inafungua faili za Word, na inahifadhi kwa namna ya Word ukiiagiza. Upungufu upo: mpangilio wa kurasa wakati mwingine huhama, na jedwali zenye vijiprogramu vya Excel ndani yake aghalabu hazifanyi kazi. Mwenye kutumia programu maalumu ya uhasibu asihame kabla ya kuijaribu. Siuzi dawa ya kutibu kila ugonjwa.

Mwingine ameuliza kama virusi haviingii. Vile vya flashi vilivyozoeleka hapa kwetu vimeandikwa kwa ajili ya Windows, kwa hiyo katika Linux hulala tu kama mbegu kwenye jiwe. Si kwamba haiwezekani kabisa. Ila mwalimu hatapoteza tena asubuhi nzima akitafuta mafaili yaliyogeuzwa kuwa vijialama.

Pendekezo langu, kwa hiyo, ni kwamba kifungu kile kiondolewe katika ajenda. Kompyuta 9 za GB 4 nizitie Linux Mint ya Xfce, kwa sababu ya umri wake na kwa sababu menyu iko chini kushoto kama walivyozoea walimu. Zile 3 za GB 2 nizitie Debian yenye sura nyepesi, ziwe za kusomea tu, na ndani yake niweke Wikipedia ya Kiswahili kwa programu ya Kiwix, ambayo husomeka bila intaneti. Chama kinunue kibodi 2, waya mmoja na flashi 4. Gharama nimeiandika katika karatasi iliyo kwa Mhazini, na haifiki bei ya mabati ya upande mmoja wa bweni.

Nina sharti moja. Siondoki mpaka wawepo walimu wawili na wanafunzi wanne wa Kidato cha Pili, si cha Nne wanaokaribia kuondoka, ambao kila mmoja amesimika mashine moja kwa mkono wake tangu mwanzo hadi mwisho, mimi nikiwa nimekaa kwenye kiti mikono mfukoni. Akikwama aende kwa mwenzake kwanza. Mashine ya kwanza nimemwomba mwalimu wangu wa hesabu aisimike yeye, na amekubali, ila ameniambia atakuja na daftari lake la alama la kalamu, lisije likatokea la kutokea.

Tutaanza Jumatatu saa tatu asubuhi, mkutano wa kesho ukikubali. Ufunguo wa chumba uko kwa mwalimu wa zamu. Mahindi yalikwisha kuhamishwa.